Nyuki wa Nukta Kumi na Sita

Ushirika wa asali wa Vurra walitaka aikoni,
picha ndogo ya kubofya, mlango wa daftari lao:
mzinga wa gogo, kamba, nyuki mmoja anayerudi.
Ayikoru, karani wao, alinieleza kwa mikono,
akakilaza kiganja upande: "Mzinga uiname hivi.
Sisi hatutundiki sanduku la posta."

Nikaanza na ile kubwa, kama kila mwenye tamaa.
Nukta mia mbili hamsini na sita kwenda,
mia mbili hamsini na sita kushuka.
Humo nilimpa nyuki miguu yote sita,
chavua kwenye goti, mshipa ndani ya bawa,
kamba nikaipa nyuzi zilizochakaa,
na gome nikalitia ufa nitakaouona peke yangu.
Umeme ukakatika saa nne, ukarudi saa nane,
feni ikaguna, Arua ikaendelea.

Sasa uzito wake.
Ikiachwa bila kubanwa, picha hiyo moja
inakula robo milioni ya baiti na ushei,
kwa sababu kila nukta hutaja rangi yake
hata pale pasipo na kitu,
hata pembeni, penye utupu mtupu:
tupu, tupu, tupu, tupu, tupu,
kama mwalimu anayeita majina ya darasa
ambalo wote wanaitwa jina moja.
Kubana ni kusema mara moja: tupu, mara mia na tisini.
Hakipotei kitu. Ukifungua, utupu wote umo,
umehesabiwa.

Mama aliyajua haya kabla sijagusa kompyuta.
Akienda Koboko kuuza simsim, salio halitoshi,
bip moja: nimefika.
Bip mbili: njoo stendi, mzigo ni mzito.
Bip tatu hatukuwahi kukubaliana ni nini,
na siku zilipokuja nilikaa na simu mkononi
kama mashine ya zamani.

Ndivyo ilivyokuwa ofisini kwa Ayikoru.
Kompyuta yao ni ya msaada,
umri wake ungekuwa mtoto, angekuwa sekondari.
Nikachomeka flashi, tukamngoja nyuki.
Ikatokea karatasi nyeupe yenye pembe iliyokunjwa,
sura ya faili lisilo na kwao.
Picha imebanwa; mashine haina ufunguo.
"Asali iko wapi?" akauliza.

Nikarudi kuchora zile ndogo, zisizobanwa,
arobaini na nane, thelathini na mbili, kumi na sita.
Watu hudhani ndogo ni kubwa iliyosinyaa.
Jaribu. Punguza tu, upate uji wa kahawia,
bawa limeyeyukia gogoni.
Ndogo huchorwa upya, nukta kwa nukta,
na kila nukta inauliza nani abaki.
Kumi na sita kwa kumi na sita:
zihesabu zote, ni mia mbili hamsini na sita,
upande mmoja tu wa ile kubwa,
mstari mmoja wa anga yake.
Kamba ikaenda. Ufa ukaenda. Chavua, magoti, mshipa.
Mzinga ukabaki michirizi mitatu iliyolala upande,
tundu jeusi la nukta mbili
na mbele yake nukta moja ya njano.

Ayikoru akasogea hadi pua ikakaribia kioo.
"Nyuki wako hana miguu."
"Anayo, katika ile kubwa."
"Ile ambayo mashine yangu haioni?"
"Hiyo hiyo."
Akanyamaza kidogo. "Lakini mzinga umeinama,"
akasema, akabofya mara mbili juu ya njano,
na daftari likafunguka:
Ondoma, kilo kumi na mbili,
nta haijapimwa.